Miwani ya Yeyo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zangu hizi, natafuta mahali pa kuuficha uso. Ni siku ile iliyo kwenye picha ya pale ukutani. Kila kijana akiingia humu ndani lazima aisogelee na kucheka: "Bibi, huyu mama mwenye miwani ya jua ni nani? Alikuwa anakwenda na wakati kweli!" Nami hujibu kuwa ni mama yangu, kisha haraka haraka nauliza kama wameshakunywa chai. Leo sitakuuliza habari za chai. Kaa hapo nikusimulie kilichokuwa nyuma ya miwani ile, maana tangu jana nakuona unafikicha jicho kwa mkono usiooshwa, na ukiulizwa unasema si kitu. Mimi pia niliwahi kusema si kitu, tena juu ya jicho lisilokuwa langu.

Kwetu ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, ukishaipita Ngaramtoni, ambako mvua hutuona kwa mbali ikaamua kwenda kunyesha kwa wenzetu. Tulilima mahindi na maharage, tukafuga, na maji tukayafuata mbali na punda. Maji yakifika nyumbani yalikuwa tayari yana wenyewe: uji, ndama, chai ya baba. Uso wa mtoto ulikuwa wa mwisho kwenye foleni, na siku nyingi zamu yake haikufika. Nzi nao hawakukosa, kwa kuwa ng'ombe walilala hatua chache tu kutoka mlangoni. Bibi mzaa baba akiwaona wametua machoni pa mtoto hakuwafukuza. Alisema penye nzi pana maziwa, na mwenye kuchukia nzi atafute kwanza mahali pa kupeleka ng'ombe wake. Tulicheka, tukamwamini. Asubuhi mama alitufuta matongo sote kwa pindo moja la kanga, kuanzia kaka zangu mpaka mimi, mwishowe akajifuta mwenyewe. Alitufuta kwa mapenzi, na kwa pindo lilelile akatugawia ugonjwa bila kujua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa vikope. Huanza utotoni kama mchezo: macho mekundu, yanawasha, yanatoa tongotongo, yanapona, yanarudi. Yakirudi mwaka hadi mwaka, ngozi ya kope kwa ndani inafanya makovu, inajivuta, na siku moja nywele za kope zinageuka kutazama ndani badala ya nje. Hapo kila unapopepesa, nywele zinalikwaruza jicho. Umewahi kuingiwa na mchanga jichoni? Sasa fikiria mchanga usiotoka, unaokuamsha asubuhi na kulala nawe.

Mama yangu, tuliyemwita Yeyo kama wanavyoitwa mama wote wa kwetu, alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichokifunga kwenye uzi wa shanga shingoni. Akina mama wengi wa rika lake walikuwa nacho. Jua likishachomoza vizuri alikaa mlangoni kwenye kigoda akaniita, "Nembris, njoo na macho yako mazuri." Nilikuwa binti peke yangu, na kazi ile ilikuwa yangu tangu vidole vyangu vilipoweza kushika kibano. Alilaza kichwa mapajani mwangu, nikaligeuza kope lake taratibu, nikang'oa nywele moja moja. Alikuwa akikaza vidole vya miguu kwa maumivu, lakini mdomoni alinisimulia habari za ujana wake ili nisiogope. Nikimaliza alifumbua macho, akautazama mlima, akasema, "Sasa umesogea." Kung'oa si dawa, mwanangu, nywele hurudi na zikirudi huwa ngumu kuliko mwanzo. Lakini sisi tulijua hilo tu.

Nikakua. Ikaja miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nyinyi mliozaliwa mkakuta maduka yamejaa hamuwezi kuelewa. Tuliotoka kwenye kupanga foleni ya sukari na kuvaa katambuga za matairi tuliona mitumba imefunguliwa barabarani, sabuni za rangi zote, redio, mafuta ya nywele, tukapata wazimu kidogo. Mimi nilikimbilia mjini, nikapanga chumba mtaa wa Sokon I, nikawa muuza mitumba. Nilijua kukunjua robota na kuchagua nguo nzuri kabla wenzangu hawajafumbua macho. Na nilijiona, mwanangu, nilijiona sana! Nikirudi nyumbani nilitembea kama niliyeazima ardhi ya watu na sitaki kuichafua.

Huko mjini nikampata Elibariki, babu yako, dereva wa lori la vitunguu, Mmeru wa Nduruma. Tulipokubaliana, watu wake wakatuma habari kwamba watakuja nyumbani kwetu kuleta uchumba. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomfikiria Yeyo. Nilimwona kwa macho ya wageni: macho mekundu yanayotiririka, uso umekunjamana kwa kulikimbia jua, pindo la kanga halibanduki shavuni. Wale watu walikuwa wakulima wa maji ya mfereji, nyuso zao zinang'aa. Nikaogopa wasije wakasema kwetu kuna ugonjwa wa ukoo, wakageuza gari.

Basi nikachakura kwenye mzigo wangu nikatoa miwani ya jua, mikubwa, myeusi, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Asubuhi ya siku ile nilimkuta Yeyo ameshakaa kwenye kigoda chake mlangoni, kibano kiko mkononi.

"Nembris, kabla ya yote nitoe kope. Leo zinanichoma mno."

Nilikuwa nimeshapaka rangi kucha, na nywele zimeshawekwa dawa. Nikatazama barabara. "Yeyo, wageni wako njiani. Vaa hii. Ukiivaa hakuna atakayeona."

"Wao wasione, sawa. Lakini zinanichoma mimi."

"Leo tu, Yeyo. Na tafadhali usiivue mbele yao."

Alinitazama kidogo, machozi yanashuka kama ilivyo kawaida yake, nami nikayachukulia kama kawaida yake. Akakirudisha kibano shingoni. "Haya, mwanangu. Siivui."

Wageni wakaja. Watu wakamsifu mama, kwamba amekuwa kama mtalii anayekwenda mbugani. Hata yeye alicheka. Mpiga picha akatupanga, nikasimama karibu naye nimejaa fahari. Alikaa siku nzima na nywele zinamkwaruza nyuma ya vioo vile, akawapokea watu, akabariki, akala pilau, asivue. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ule mkakasi niliununua mimi.

Ningekuwa nimekosa siku ile moja tu, labda leo ningekuwa naisimulia kwa kucheka. Lakini uongo ukishapewa kiti hauondoki na wageni. Harusi ikaja, Yeyo akavaa miwani. Kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, akavaa. Kwa kweli ilimpunguzia mwanga mkali, akasema inamsaidia, nami nikajipongeza kwamba nimemtibu mama. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniambia, "Keti hapa mlangoni kidogo," na kila mara nilikuwa na gari linalonisubiri, au mzigo mpya unaofunguliwa mjini. Mara nyingine niling'oa mbili tatu nimesimama. Mara nyingine nilimwambia nikirudi. Mwishowe akaacha kuniita. Alikuwa akijing'olea mwenyewe kwa kupapasa, akivuta nywele na ngozi pamoja. Nami nikadhani amepona. Kusema kweli sikudhani chochote, maana sikutazama.

Hapo ndipo aibu yangu ilipolala, na nataka uielewe vizuri. Hata ningemng'oa nywele kila asubuhi, nisingemponya. Lakini ili kumng'oa ningelazimika kumlaza mapajani, kuligeuza kope, na kulitazama jicho lenyewe kwenye mwanga. Ningeliona doa jeupe likianza. Ile miwani haikuwadanganya wakwe zangu na majirani tu. Ilinidanganya mimi niliyeileta.

Nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, shangazi yako Upendo. Mama mkwe akaja kutoka Nduruma na mkungu wa ndizi, Yeyo akaja kutoka nyumbani na kibuyu cha maziwa, wote wawili wakanikuta kwenye kile chumba cha Sokon I. Yeyo alikuwa na miwani, ndani ya nyumba, pazia limeshushwa. Nikaona haya kidogo, nikajisemea mama naye sasa amezidi madaha.

Alimpokea mtoto ili amwogeshe. Alimwosha vizuri, mikono ilijua kazi yake. Alipomaliza akanyoosha mkono kuchukua taulo iliyokuwa kitandani, mbele yake kabisa, rangi nyekundu. Mkono ukapita juu. Ukarudi, ukapita pembeni. Akawa anapapasa godoro taratibu, kwa hila, kama mtu asiyetaka kushikwa. Mama mkwe akasimama, akampa taulo mkononi, akasubiri mtoto afunikwe. Kisha akakaa karibu naye.

"Mama Nembris," akamwambia kwa sauti ya chini, "hebu vua hiyo miwani nikutazame."

Yeyo akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Mtoto aliniambia nisiivue mbele yenu."

Mwanangu, nimesikia maneno mengi maishani. Nimetukanwa sokoni na watu wanaojua kutukana. Hakuna neno lililowahi kunipiga kama lile, na lilisemwa kwa upole, na mtu aliyekuwa akinilinda. Miezi yote ile alikuwa bado ananitunzia heshima yangu. Nilitaka kitanda kile kinimeze na maumivu yangu ya uzazi.

Mama mkwe hakunitazama. Akaivua ile miwani yeye mwenyewe, akaiweka chini, akafungua pazia. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda. La kulia lilikuwa jekundu, limevimba, na wingu limeanza kuingia pembeni. Akamfuta mashavu kwa kitambaa safi, akamwuliza tangu lini, na Yeyo akajibu kwamba hajui, giza lilikuja polepole likisalimia.

Ndipo mama mkwe akanigeukia. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele.

"Siku ile ya uchumba," alisema, "niliona machozi yanashuka chini ya hii miwani. Nikawaambia wenzangu, mama huyu anampenda binti yake, angalieni anavyolia kwa kumtoa. Nilirudi Nduruma nikikusifu kwamba umetoka kwa mama mwenye mapenzi. Kumbe tulikuwa tunakula pilau mbele ya mgonjwa. Nembris, ulikuwa unamficha nani? Sisi? Dada yangu mimi alikufa kipofu kwa ugonjwa huuhuu, na mifereji yetu yote ile. Ungemwacha aje na macho yake, ningemshika mkono nikampeleka hospitali siku ileile, na wewe tungekuoa vilevile."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini mimi nilificha maradhi ya mwingine, na kilio kikawa chake. Nililia mpaka maziwa ya mtoto yakakatika siku ile. Yeyo ndiye aliyekuja kunibembeleza. Akapapasa mpaka akakipata kichwa changu, akasema, "Nyamaza, ulikuwa mtoto." Sikuwa mtoto, mwanangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye macho mawili mazima.

Tulikwenda hospitali wanawake watatu na kichanga mgongoni. Daktari wa macho alimtazama kwa taa, akatueleza bila kupamba. Jicho la kushoto limeshachakaa kwa makovu, halitarudi. La kulia linaweza kuokolewa kama likiwahiwa: watakata na kulishona kope ili nywele zigeuke nje tena, nayo ni operesheni ndogo, mgonjwa anarudi nyumbani. Nikauliza kama angeletwa mapema ingekuwaje. Alinitazama, nadhani alikuwa ameshaulizwa swali hilo na watoto wengi. "Yangebaki mawili," akasema, kisha akaita anayefuata.

Operesheni ndogo. Ilikuwa pale mjini, kwa kutembea tu kutoka nilipokuwa nauza mitumba. Ndiyo maana hunisikii nikiimba kanisani nikifika kwenye neno la kusamehewa. Najua nimesamehewa, ila bado nameza mate kwanza.

Walipomfungua bandeji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nikamwekea Upendo mapajani. Aliinamisha kichwa akamtazama kwa jicho lile moja, karibu kabisa, akakagua paji la uso, masikio, vidole, kama mtu anayekagua ndama aliyemnunua kwa kuambiwa tu. Kisha akainua uso akanitazama mimi. "Umenenepa," akasema. Mama mkwe akaangua kicheko, nami nikacheka huku nalia. Halafu Yeyo akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ile miwani, akaifuta vioo kwa uangalifu, akanirudishia. "Kaiuze," akaniambia. "Mimi nimemaliza kuivaa kwa ajili yako." Hakukuwa na ubaya wowote sautini mwake. Ndiyo maana bado ninayo, iko sandukuni pamoja na kibano chake. Sikuweza kumwuzia mtu.

Aliishi miaka mingi na jicho lile moja. Aliwaona wote wanangu. Lakini alipokuwa mlangoni asubuhi, ilimbidi ageuze shingo yote ndipo auone mlima, na kila alipoigeuza nilitazama chini. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wajukuu ninao na majuto ninayo, wanakula meza moja.

Sasa nisikilize, maana nimejivua nguo mbele yako si kwa kukuburudisha. Nawa uso kila asubuhi kwa maji safi na sabuni, na maji yakiwa machache, uso na uwe wa kwanza kwenye foleni. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Usimfute mmoja ukahamia kwa mwenzake, hata kama mkono wako umejaa mapenzi. Choo kiwepo na kifunikwe, samadi ikae mbali na mlango, na nzi akitua machoni pa mtoto mfukuze, bibi yangu atanisamehe. Jicho likiwasha usilifikiche, na usiazime dawa ya matone iliyobaki kwa jirani, wala kutia maziwa ya mama au maji ya majani kwa sababu fulani alipona. Jicho halina spea. Nenda kituo cha afya, na ukipewa dawa imalize, na wenzako wa nyumba moja nao watibiwe, maana vikope haviji kwa mtu mmoja. Miwani ya jua ivae, ni mizuri juani na vumbini, na wewe unayejifunza kuchomelea vyuma usiguse moto bila kinga usoni, nisikusikie tena unasema fundi wako naye hajikingi. Ila usinunue miwani barabarani ukaita tiba. Kinga kwa mwenye jicho zima si dawa kwa mwenye jicho bovu.

Na lililo kubwa kuliko yote: watazame wazee wako machoni. Si usoni tu, machoni. Ukimpa shikamoo mama yako, simama mpaka uone kama anakuona. Akikuambia kaa hapa mlangoni kidogo, kaa. Gari litakuja jingine. Wala usimwonee haya kwa ugonjwa wake, kwa sababu aibu ya ugonjwa si ya mgonjwa. Ni ya aliyeona akafunika.

Nenda ukanawe, maji yako kwenye ndoo ile ya bluu, kesho tutakwenda wote ukapimwe jicho hilo. Mungu akutunzie mboni zako, mwanangu, uuone mlima asubuhi bila kugeuza shingo. Na akujalie kuwaona walio wako wangali nao wanakuona.